Mtu wa Glasi katika Wizara ya Undugu

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: kwa Kiswahili siwezi kushtakiwa. Nchini kwetu Talvia ni kosa la jinai kutafsiri neno lolote kutoka Kihegonia kwenda Kitalvia, au kutoka Kitalvia kwenda Kihegonia, iwe kwa mdomo, kwa kalamu, kwa ishara ya mkono au kwa kukunja uso. Juu ya Kiswahili sheria iko kimya. Nimeisoma mara tatu kuhakikisha. Lugha yenu nilijifunza ujanani, nilipokuwa karani katika ubalozi wetu mdogo wa huko pwani, miaka sita ya jasho na samaki wa kupaka, mpaka serikali yetu ilipogundua kwamba ninyi si ndugu zetu ikaufunga.

Naitwa Veikko Harjula. Jina hilo lishike, maana kuna mahali niliulizwa nikashindwa kulitaja. Ukiitafuta Talvia kwenye ramani hutaiona. Wengi wameitafuta, wakaona nchi nyingine wanazozijua vizuri, wakaikunja ramani kimyakimya.

Mimi si mtu mbaya. Huwa najiambia hivyo kila asubuhi ninaponyoa ndevu, na kioo hakijawahi kunibishia. Lakini siku hizi nanyoa bila kuwasha taa.

*

Mambo yalianza na profesa mmoja mpole, Urmas Kaltio, aliyekuwa akichunguza lugha za jamii ya Kifino-Ugori, ambazo lugha yetu ni mojawapo. Baada ya miaka thelathini ya kukaa maktaba alitoa kijitabu chembamba kuonyesha kwamba Kitalvia na Kihegonia vilizaliwa na bibi mmoja, na kwamba baada ya miaka elfu nne ya kutoonana vimebakiwa na maneno mia mbili yanayofanana. Katika ukurasa wa mwisho alieleza kwamba, nje ya maneno hayo, Mtalvia na Mhegonia hawawezi hata kuulizana choo kiko wapi. Ukurasa huo haukusomwa na mtu.

Maneno yenyewe ni kama mkono, damu, maji, samaki, barafu, jicho, moyo, jiwe, siagi na jina. Ni vitu ambavyo mtu angeviona akiwa amekaa kando ya ziwa miaka elfu nne iliyopita, bila haraka. Uchaguzi hauna neno humo, mahakama haina, na samahani haina.

Kijitabu kilimfikia Rais wetu, Mheshimiwa Daktari Aarno Vuolikka, ambaye udaktari wake wa heshima alitunukiwa na chuo alichokifungua mwenyewe asubuhi ya siku hiyohiyo. Mheshimiwa alikuwa na huzuni moja maishani: hakuna nchi iliyokuwa ikimwalika. Majirani zetu walikuwa wameanza tabia mbaya ya kumuuliza maswali. Hegonia, kwa upande wake, ilikuwa chini ya Marshali Gaspar Dombai, ambaye hakuulizwa maswali tena kwa kuwa waulizaji walikuwa wamekwisha. Yeye naye alikuwa mpweke.

Kati ya Talvia na Hegonia kuna nchi nne na bahari moja. Hapakuwa na biashara baina yetu, wala ndege, wala mtu aliyeoa huko, isipokuwa marehemu baba yangu, aliyelala kwenye treni akapitiliza kituo na kurudi na mke. Ndiyo maana Kihegonia mimi sikukisomea. Ndicho mama yangu alichonibembelezea.

Ndani ya wiki mbili viongozi hao wawili walitangazwa ndugu wa damu, na Mkataba wa Undugu ukatiwa saini. Ibara ya nne naikariri kwa moyo: "Ndugu hawahitaji mkalimani. Yeyote atakayesimama kati yao na kutafsiri atahesabiwa kuwa ameitilia shaka damu yao." Nilikuwa mkalimani pekee wa Kihegonia katika Talvia nzima.

*

Waziri wa Undugu, Mheshimiwa Raili Topponen, aliniita ofisini kwake. Ni mama mwenye sauti nzito, na kila anaposema "damu" hujigusa kifuani.

"Bwana Harjula," alisema, "kazi yako imefutwa. Imekuwa tusi kwa taifa."

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Vizuri. Sasa, Mheshimiwa Rais anakutana na Marshali mwezi ujao. Watazungumza kama ndugu, ana kwa ana, bila mtu kati yao. Lakini Mheshimiwa Rais atashikwa na kiu."

"Atashikwa na kiu, Mheshimiwa?"

"Mara kwa mara. Atahitaji mtu wa kummiminia maji, na mtu anayemimina maji ni lazima ainame. Na mtu aliyeinama karibu na sikio la mwenzake, kama midomo yake inacheza, nani atajua kama anasema au anapumua?"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Msaidizi wa Glasi, Daraja la Pili. Nilipewa jagi la kioo, glovu nyeupe na agizo moja: mtu wa glasi hakai. Kiti hutolewa kwa Daraja la Kwanza tu. Na mimi, kwa kusimama huko kote, miguu ilianza kuvimba, nikaanza kuota viti. Nakwambia hili mapema ili ujue bei yangu ilikuwa ndogo kiasi gani.

Mkutano wa kwanza ulionyeshwa na televisheni za nchi zote mbili. Rais aliinua glasi, akasema, "Maji!" Marshali akaitikia, "Maji!" Watu wakapiga makofi. Marshali akaonyesha sahani, "Samaki!" Rais akajibu, "Samaki!" Mabalozi wawili wakafuta machozi. Walipofika kwenye siagi ukumbi mzima ulisimama.

Kisha kamera zikazimwa, nikaanza kumimina. Marshali alisema kwa Kihegonia kwamba wapo watu wake wabaya waliokimbilia kwetu na anawataka. Nikainama, nikamimina, nikanong'ona. Rais akanywa, akajibu kwamba atafurahi kuwarudisha kama Marshali atamwalika kila mwaka, amvishe nishani na aite barabara kwa jina lake. Nikazunguka meza, nikainama upande wa pili. Siku hiyo Mheshimiwa Rais alikunywa majagi tisa. Magazeti yaliandika kwamba mazungumzo yalikuwa ya kina, na kwamba kiongozi wetu alitoka nje mara sita kwa mashauriano.

Mimi nilijiona fundi. Nilirudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba historia inapita katika mdomo wangu. Naona haya nikikumbuka.

*

Baada ya hapo neno "mkimbizi" liliondolewa katika sheria zetu kwa watu wa Hegonia. Mtu hamkimbii ndugu yake. Wahegonia waliokuwa wamejificha kwetu walipewa jina jipya, Wageni Waliochelewa Kurudi, na likaundwa Baraza la Kuwasikiliza kabla ya kurudishwa. Serikali yetu ni ya haki, haimrudishi mtu kabla ya kumsikiliza. Na kwa kuwa Baraza lilikuwa kikao cha ndugu, lilisikiliza bila mkalimani.

Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Osmo Kettula, mtaalamu mstaafu wa viazi, mtu mwema kabisa, mwenye mashavu mekundu na tabia ya kuwapa watoto peremende. Alikariri maneno yote mia mbili ya Profesa Kaltio na alikuwa na kipaji cha kuyadaka. Mgeni akizungumza, Bwana Kettula hufumba macho kama anasikiliza muziki, na kila likipita neno analolijua hutikisa kichwa na kumnong'oneza karani aliandike. Mwishoni husomewa orodha, akaunganisha maana.

Kabla ya Sherehe za Undugu za mwaka wa tatu, Marshali alileta jina moja tu. Alimtaka Ilka Baranyi, mwalimu wa shule ya sekondari, umri miaka arobaini na minne, aliyekuwa akiishi kwetu katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha kuokea mikate.

Waziri Topponen aliniita tena.

"Utahudhuria kikao chake. Itifaki inataka maji mezani, maana maji ndilo neno namba moja kwenye orodha."

"Nimnong'oneze nani, Mheshimiwa?"

"Hakuna atakayeshikwa na kiu, Bwana Harjula. Wewe utamimina tu." Halafu akafungua droo, akatoa karatasi iliyokuwa tayari na mhuri. "Hii ni barua ya kukupandisha Daraja la Kwanza. Naitia saini jioni, kikao kikienda salama. Kiti chako kimeshachaguliwa. Kina mgongo, na sehemu za kuwekea mikono."

Nilisema ahsante. Nilisema mara mbili.

*

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa juu wa wizara, mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Mmoja wa wajumbe alipenda hewa safi, kwa hiyo dirisha la nyuma ya kiti cha mgeni lilikuwa wazi. Mwalimu Ilka aliingia na koti jembamba, mwanamke mrefu, nywele fupi, mikono ikiwa na chaki ambayo haitoki. Chini ya kwapa alikuwa na daftari kubwa la mahudhurio, lile la kuitia majina darasani.

"Karibu nyumbani, dada yetu," Bwana Kettula alisema kwa Kitalvia, akitabasamu kweli. "Zungumza. Tunakusikia."

Alikaa. Akasema kwa Kihegonia, kwa adabu, bila kumtazama mtu yeyote, "Tafadhali, naomba mnifungie dirisha. Naumia na baridi."

Wajumbe walitabasamu na kusubiri. Hakuna neno hata moja kati ya hayo lililo kwenye orodha. Nami, ambaye mama yangu aliniambia maneno hayohayo kila jioni ya utoto wangu, akiwa na shali yake mabegani na cherehani mbele yake, nilitembea mpaka dirishani, nikalifunga.

Nilipogeuka alikuwa ananitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, si na mama yangu, si na mke wangu. Uso wake wote ulifunguka. Alivuta kiti kidogo, akaliacha Baraza upande, akaanza kuniambia mimi.

Nawatafsiria ninyi, maana kwenu si kosa. Alisema: "Shule yetu haikuwa na kuni majira yale ya baridi. Wanafunzi wangu saba walikwenda kusimama darajani na bango la kuomba kuni. Bango lenyewe niliwasahihishia mimi makosa ya kuandika. Askari waliwafunga mikono. Niliona kwa macho yangu haya, nilikuwa ng'ambo ya mto. Damu ilikuwa juu ya barafu. Walitoboa barafu wakawatupa majini kama samaki wabovu, mmoja baada ya mwingine. Kesho yake nikaambiwa nifute majina yao daftarini, kwa kuwa hawakuwahi kusoma pale. Sikufuta. Kila asubuhi niliita majina yote saba, nikangoja kidogo baada ya kila jina, nikaandika hayupo. Kosa langu ndilo hilo. Nikirudi watanitafutia tundu langu barafuni. Wewe umenielewa. Waambie."

Bwana Kettula alikuwa amefumba macho. "Mikono," alinong'ona. "Macho. Damu. Barafu. Tena barafu. Maji. Samaki. Majina, mara nyingi majina. Na barafu tena." Alifumbua macho, na machozi yalikuwa yamemjaa.

"Wajumbe," alisema, "mmesikia? Anatusimulia uvuvi wa barafuni!"

Sisi Watalvia tunapenda uvuvi wa barafuni kuliko dini. Mtu hutoboa ziwa, hukaa juu ya ndoo na kijiti chake siku nzima, na hapo ndipo tunapojiona watu. Mjumbe wa kulia aligonga meza kwa furaha. Mjumbe wa kushoto akauliza, "Na damu je?"

"Ndoana," Bwana Kettula alieleza kwa upole. "Nani kati yetu hajajichoma kidole kwa ndoana? Na majina ni ya wenzake wa utotoni, waliokuwa wakivua pamoja. Masikini dada wa watu! Mwili uko huku, moyo uko kwao, kwenye tundu lake barafuni."

"Moyo hakuutaja," alisema karani.

"Andika. Alikuwa anauelekea."

Jagi lilikuwa mikononi mwangu. Niliendelea kumimina hata glasi ilipokuwa imejaa, maji yakamwagika mezani mpaka kwenye daftari la mwalimu. Bwana Kettula akasema "Maji!" na wote wakapiga makofi.

Mwalimu Ilka alisimama, akaninyooshea kidole. Alisema polepole, kama anavyosema na mwanafunzi aliyekwama ubaoni. "Umefunga dirisha. Umeelewa. Waambie sentensi moja tu. Chagua yoyote."

Mwenyekiti alinigeukia. Huyu mzee mwema wa viazi, nasema tena, hakuwa na ubaya. Nadhani kama ningesema angenisikiliza. Hilo ndilo linaloninyima raha: nadhani angenisikiliza.

"Mtu wa glasi," alisema, "dada yetu anakuonyesha wewe. Kuna jambo umelielewa ambalo sisi hatukulielewa?"

Miguu ilikuwa inaniuma. Naapa kwamba katika dakika ile nilifikiria miguu.

"Sikuelewa zaidi ya Baraza, Mheshimiwa Mwenyekiti," nilisema.

Nilisema hivyo kwa Kitalvia safi. Hakuna neno hata moja ndani ya sentensi ile lililokuwa kwenye orodha ya maneno mia mbili. Lakini alielewa. Alikaa chini, akachukua kitambaa, akaanza kufuta maji kwenye daftari lake, ukurasa mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa.

*

Nilifika nyumbani mapema. Mke wangu, Aune, alikuwa anachambua dengu.

"Baba Lempi, mbona umepauka hivyo? Wamekulisha nini leo hao ndugu zenu?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kwa Kitalvia, na nilipomaliza nikatambua kwamba nimeshavunja Ibara ya nne katika jiko langu mwenyewe, na dunia haikuanguka.

"Kwa hiyo uliyaelewa," alisema.

"Yote."

"Ukafanya nini?"

"Nilifunga dirisha."

Alirudi kwenye dengu zake. Baadaye kidogo akasema, bila kuinua kichwa, "Bado unaweza kwenda kumwambia Kettula. Anakaa mtaa wa pili tu hapo."

Nilivaa koti. Nilivaa buti na kofia. Nilifika mpaka kwenye geti la Bwana Kettula, nikamwona kwa dirisha akimfundisha mjukuu wake kufunga ndoana. Nikasimama. Kisha nikakumbuka kwamba barua yangu inatiwa saini jioni ileile, nikaona si vizuri kumsumbua mtu wakati anapokuwa na familia yake. Nikarudi. Aune aliniona nikivua buti. Tangu siku ile haniiti tena Baba Lempi. Ananiita Bwana Harjula, kama pale wizarani.

*

Kurudishwa kwake kulifanywa kuwa sherehe. Uwanja wa ndege ulipambwa, bendi ikapiga, na kila mfanyakazi wa wizara alipewa kibendera cha Hegonia na maelekezo ya kukipeperusha upande ulio sahihi. Waziri Topponen alihutubia.

"Leo," alisema, akijigusa kifuani, "hatumrudishi mtu. Leo tunairudisha damu kwenye mshipa wake! Nchi nyingine zinapelekeana silaha. Sisi tunapelekeana dada! Wapo wanaotuuliza, je, mlimsikiliza? Nawajibu: tulimsikiliza mpaka tukalia!"

Makofi. Na ilikuwa kweli, walilia.

Mimi nilikuwa chini ya ngazi za ndege na sinia, glasi moja juu yake, kwa ajili ya maji ya kuagana. Askari wawili wa Marshali walisimama kila upande wa Mwalimu Ilka, na katikati yao alikuwa na shada kubwa la maua lililomficha kidevu. Daftari hakuwa nalo mkononi, nikadhani wamemnyang'anya. Alifika mbele yangu. Alichukua glasi, akanywa yote, taratibu, akairudisha katikati ya sinia pasipo kutoa sauti.

Kisha akaniuliza, "Jina lako nani?"

Hilo "jina" liko kwenye orodha. Kila mtu alilidaka. Waziri alipaza sauti kwenye kipaza sauti, "Mmesikia! Wanaulizana majina! Huo ndio undugu!" na bendi ikaanza tena.

Nilikuwa na nafasi. Kelele ilikuwa nyingi, hakuna ambaye angesikia. Nilikuwa sijaombwa niokoe mtu, nilikuwa nimeombwa neno moja ambalo hata sheria haikulikataza. Niliogopa kwamba nikimpa jina langu ataliandika mahali. Nikatazama sinia.

Alingoja kidogo, kama alivyosema huwa anangoja. Halafu akapanda ngazi.

*

Jioni ileile nilivishwa Nishani ya Damu Moja, Daraja la Tatu, na kiti changu kikaletwa na wapagazi wawili. Ni kiti kizuri. Sina la kukilalamikia.

Miezi mitano baadaye bahasha ilifika wizarani kutoka Nyumba ya Mapumziko ya Raia Waliorejea, iliyo Hegonia, nyumba yenye ukuta mrefu kuliko zote nilizowahi kuonyeshwa kwenye picha. Ndani yake mlikuwa na ukurasa mmoja uliochanwa kwenye daftari la mahudhurio, wenye alama ya maji yaliyokauka. Sijui aliuficha wapi, wala sijui ulipitaje. Nadhani mkaguzi wao aliona orodha ya shule tu, akachoka.

Wizara nzima ilishangilia. Barua ya kwanza ya mgeni aliyerejea! Waziri alijifungia nami ofisini, akatwaa glasi tupu, akainyoosha.

"Nina kiu, Bwana Harjula. Inasemaje?"

Nilimimina. Nikainama. Nikasoma ukurasa ule nikiwa nyuma ya bega lake.

"Ni salamu, Mheshimiwa," nilinong'ona. "Anasalimia watu kwa majina yao."

"Nilijua," alisema, na akajigusa kifuani.

Ukurasa uliwekewa fremu na kutundikwa katika Makumbusho ya Undugu, ndani ya kabati la kioo, chini ya maandishi ya dhahabu: Upendo Hauhitaji Tafsiri. Kwa sababu ya utumishi wangu uliotukuka niliteuliwa kuwa mlinzi wa chumba hicho. Kiti changu kimewekwa mbele ya kabati, hatua tatu, na kwa mujibu wa kanuni za Daraja la Kwanza siruhusiwi kusimama saa za kazi.

Watu wanakuja kwa mabasi. Walimu huleta madarasa yao mbele ya kioo, wachumba hupigia picha pale. Bwana Kettula huja kila Jumapili, huinamia maandishi yale ambayo hawezi kuyasoma, hupangusa macho na kusema, "Natumaini anapata samaki." Mara nyingine mtu huniuliza imeandikwa nini, na mimi hujibu ni salamu. Miaka miwili sasa. Hakuna barua nyingine iliyofika, na wizara haijauliza, kwa kuwa ndugu hawachunguzani.

Leo nimeinakili barua ile kwenye kipande cha karatasi, nikiwa kitini, na hapa naitoa kwa lugha ambayo haina neno hata moja linalofanana na letu. Mkikutana na mtu anayeijua njia ya kuipeleka kwa mama za wanafunzi wale saba, mpeni. Sentensi moja niliyoombwa sikuisema, basi walau hizi.

Hali ya hewa: baridi. Dirisha: limefungwa.

Keleti Andor: hayupo.

Vamosi Piroska: hayupo.

Harkai Denes: hayupo.

Siposi Jolan: hayupo.

Redei Matyas: hayupo.

Bodori Etelka: hayupo.

Tatai Bence: hayupo.

Mtu wa glasi: yupo.